Kandanda na Mfuko wa Klabu: Mfano wa Rusizi

Msimu wa kandanda wa 2022-23 ulipomalizika nchini Rwanda, klabu mbili za mwambao wa Ziwa Kivu ziliteremka pamoja kutoka Ligi Kuu. Moja ilikuwa Rutsiro. Ya pili ilikuwa Espoir ya Rusizi, wilaya ambayo watu wa makamo na wazee bado huiita kwa jina lake la zamani, Cyangugu. Mwaka uliofuata Rutsiro ilipanda tena. Espoir haikupanda mwaka huo, wala mwaka uliofuata. Jina la klabu hiyo ni la Kifaransa, na maana yake ni matumaini; mshabiki wa Kamembe amekuwa na wasaa wa kutosha wa kulitafakari.

Timu inapoteremka, lawama huanza kwa mwamuzi, zikaenda kwa kocha, kisha zikamwangukia mlinda mlango. Ni nadra kufika kwenye daftari la mtunza hazina. Lakini Espoir haikuwa timu ya kubahatisha. Mwaka 2017 ilifika fainali ya Kombe la Amani na kufungwa na APR bao moja kwa bila, jambo ambalo klabu nyingi za wilaya hazijapata kulifanya. Timu iliyofika hapo inajua kucheza. Lisilojulikana ni kama klabu ilijua, siku msimu ulipoanza, mahali zitakapotoka fedha za mwezi wa nane wa msimu huo.

Suala hili linawahusu kwa namna ya pekee askari wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa klabu kubwa kadhaa za nchi zimebeba majina ya vyombo vyao. APR iliundwa mwaka 1993, wakati wa vita vya ukombozi, na tangu msimu wa 2019-20 hadi ule wa 2024-25 ilitwaa ubingwa mara sita mfululizo. Police ilianzishwa mwaka 2000, na ikatwaa Kombe la Amani mwaka 2015 na tena mwaka 2024. Marine ya Rubavu nayo ni timu ya jeshi. Klabu ya namna hii ina neema moja ambayo watu wa nje huiona ndogo: mchezaji wake anajua tarehe ya mshahara. Anayeijua tarehe hiyo huomba mkopo, hupanga nyumba, hupeleka mtoto shuleni, na siku ya mchezo akili yake yote huwa uwanjani. Watu husema APR hushinda kwa sababu ina fedha nyingi. Ingekuwa karibu zaidi na ukweli kusema kwamba hushinda kwa sababu fedha zake zina uhakika.

Rayon Sports ni kinyume chake. Ilizaliwa Nyanza mwaka 1968, na mtaji wake mkubwa ni watu. Washabiki wake wamo katika kila wilaya, Rusizi ikiwamo, na siku ya mchezo mkubwa wao ndio hazina. Tarehe 7 Desemba 2024 Rayon ilipokuwa mwenyeji wa APR katika Uwanja wa Amahoro, ambao ulikuwa umefunguliwa upya mwezi Julai mwaka huo ukiwa na viti 45,000, mchezo ulikwisha bila bao, lakini hakuna mtunza hazina ambaye angeulalamikia. Shida ya utajiri wa namna hiyo ni kwamba michezo ya namna hiyo ni miwili kwa msimu, na klabu huwa mwenyeji wa mmoja tu. Siku nyingine mshabiki huyohuyo hukaa nyumbani na redio yake.

Rayon imejaribu njia nyingi za kuziba pengo hilo. Mwaka 2012 ilirudi Nyanza kwa makubaliano na wilaya, na msimu uliofuata ikawa bingwa. Hatimaye ikahamia tena Kigali. Mwaka 2014 ilianza ubia na kiwanda cha bia cha SKOL, ambacho kiliipatia hata uwanja wa mazoezi huko Nzove. Mwaka 2018 ilifika robo fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikiwa klabu ya kwanza ya Rwanda kufika hapo. Hata hivyo, miaka miwili baadaye magomvi ya uongozi yalikuwa makali kiasi kwamba Bodi ya Utawala ya Rwanda ililazimika kuingilia kati na kuiondoa kamati iliyokuwapo. Klabu iliyopendwa kuliko zote nchini ilikuwa haiwezi kukubaliana ndani yake ni nani mwenye haki ya kutia sahihi.

Katikati ya hizo mbili zimo klabu za wilaya, nazo ndizo nyingi. Espoir ni mojawapo, pamoja na Etincelles ya Rubavu, Mukura ya Huye, Musanze na nyinginezo. Fedha zao za msingi hutoka katika bajeti ya wilaya, na hapo yafaa utaratibu wenyewe uelezwe, maana wengi huusikia kwa jina tu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Baraza la wilaya hupitisha fungu la michezo likiwa miongoni mwa mafungu ya barabara, maji, zahanati na madarasa. Diwani anayeulizwa na wananchi kwa nini daraja la kijijini halijajengwa hawezi kuinua mkono kwa furaha ili faranga zaidi ziende kwa mshambuliaji kutoka nchi ya jirani. Na akifanya hivyo, atakuwa hakutenda vyema. Kwa hiyo fungu hutolewa kwa kiasi, tena kwa awamu, ilhali mchezo wa mpira haungojei awamu. Mchezaji huvunjika mguu mwezi Februari. Timu ikishika nafasi ya mkiani mwezi Machi, kila mtu hutaka kocha mpya, na kocha wa zamani hudai malipo ya mkataba uliovunjwa. Mambo hayo hayakuwamo katika bajeti, na hapo deni huzaliwa.

Kwa Rusizi kuna gharama nyingine ambayo klabu za Kigali haziijui. Kutoka Kamembe hadi mji mkuu ni zaidi ya kilomita 200, na barabara hupita katika msitu wa Nyungwe kwa kona zisizohesabika. Kigali ndiko ziliko klabu nyingi za Ligi Kuu. Timu ya Kigali inaweza kucheza michezo mitatu ya ugenini bila wachezaji kulala nje ya nyumba zao. Timu ya Rusizi haiwezi kucheza hata mmoja bila basi, mafuta, malazi na chakula cha siku mbili.

Je, viingilio haviwezi kuokoa? Ichukuliwe hesabu ya mfano tu. Ligi ya timu 16 huipa kila timu michezo 15 nyumbani. Wakija watu 2,000 kila mara, na kila mmoja akalipa faranga 1,000, mapato ya msimu mzima ni faranga milioni 30. Sasa iwekwe timu ya wachezaji 25, kila mmoja akilipwa faranga 200,000 kwa mwezi kwa miezi kumi: hizo ni faranga milioni 50. Upungufu ni milioni 20, na bado hajalipwa kocha, hajalipwa daktari, wala basi halijatiwa mafuta. Tena hesabu hiyo imewapa watu 2,000 hata siku ya mvua, na haikumkata mtu aliyeingia kwa kujuana na mlinzi wa mlango.

Ndipo husikika kila mahali neno mwekezaji. Hutamkwa kana kwamba ni mjomba tajiri aliyechelewa njiani. Lakini mwekezaji si mfadhili, na kuwachanganya wawili hao kumezigharimu klabu nyingi za Afrika Mashariki. Mfadhili hutoa fedha kwa mapenzi, au kwa ajili ya kutangaza bidhaa yake, na siku mapenzi au faida ya tangazo ikikoma huondoka. Nchini Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards, klabu hasimu tangu miaka ya sitini, zilikuwa zikitegemea kampuni moja ya kamari, SportPesa. Mwaka 2019 kampuni hiyo iliponyimwa leseni ilisimamisha udhamini wote, na klabu hizo mbili, ambazo haziafikiani katika lolote, zikaingia pamoja katika msiba mmoja wa mishahara isiyolipwa.

Mwekezaji hununua sehemu ya mali akitarajia mali hiyo izae. Kwa hiyo huuliza maswali ambayo mfadhili haulizi. Klabu inamiliki nini? Inadaiwa na nani? Nani ana mamlaka ya kuiuza? Hapo klabu nyingi hunyamaza, kwa sababu kisheria hazina kitu cha kuuza. Klabu ya kawaida ni chama kisicho cha faida, kilichosajiliwa na Bodi ya Utawala. Chama kina wanachama, hakina hisa. Anayetaka kuuza hisa hana budi kwanza aunde kampuni, na ili aunde kampuni lazima orodha ya wanachama ijulikane, madeni yahesabiwe, na mkutano mkuu ukubali. Gasogi United ilianzia upande huo, ikiwa timu ya mtu binafsi, na mtu akitaka kujua mwenyewe ni nani hahitaji kuitisha mkutano.

Simba ya Dar es Salaam, iliyoasisiwa mwaka 1936, inaonyesha ugumu wa safari hiyo. Mwaka 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya asilimia 49 ya klabu kwa shilingi za Tanzania bilioni 20, nayo serikali ikaweka kanuni kwamba asilimia 51 zibaki kwa wanachama, ili klabu ya umma isigeuke mali ya mtu mmoja. Kutoka siku ya zabuni hadi mambo kueleweka ilichukua miaka, na mabishano kuhusu fedha hizo yalijaza magazeti. Hata hivyo Simba ilikuwa na kitu cha kumvuta mtu mwenye bilioni 20. Ina uhasama wa tangu zamani na Yanga, ambao hujaza uwanja, na ina ligi ambayo mwaka 2021 iliuza haki za kutangazwa kwa Azam kwa miaka kumi, kwa shilingi bilioni 225.6. Mwekezaji alinunua macho ya watu. Rangi nyekundu na nyeupe zilikuwa nyongeza.

Hili la macho ya watu ndilo jibu la swali lililoulizwa sana vijiweni tangu mwaka 2018, Rwanda ilipoandika tangazo la utalii katika mkono wa jezi za Arsenal, na mwaka 2019 ikafanya ubia na Paris Saint-Germain: kwa nini fedha hizo hazikupewa Espoir au Etincelles? Tangazo hulipiwa pale mtalii anapotazama. Jibu hilo ni sahihi, ingawa halimfurahishi mtu wa Kamembe, na hana wajibu wa kufurahi.

APR yenyewe imepata somo kuhusu nguvu ya mtaji. Katika misimu mitatu mfululizo, kuanzia 2023-24, ilitolewa katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika na klabu ileile: Pyramids ya Misri. Klabu hiyo ilikuwa timu ya kawaida ya mkoani hadi mwaka 2018, iliponunuliwa na tajiri kutoka Saudi Arabia, kubadilishwa jina na kuhamishiwa Cairo. Mwaka uliofuata ikauzwa kwa mwingine wa Falme za Kiarabu, na mwaka 2025 ikawa bingwa wa Afrika. Lakini mwezi Agosti 2024 APR hiyohiyo iliitoa Azam ya Dar es Salaam, nayo ni timu ya kampuni tajiri. Fedha za mwekezaji zina ngazi zake, na ngazi ya chini inaweza kupigwa na timu yenye nidhamu.

Turufu za Rusizi si chache, isipokuwa zimetawanyika. Bugarama kuna kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza kuzalisha mwaka 1984. Historia ya kiwanda hicho ni darasa lililo karibu kuliko Simba. Mwaka 2012 kampuni ya PPC ya Afrika Kusini ilinunua asilimia 51 ya hisa zake. Mwaka 2020 kiwanda kikaingizwa katika Soko la Hisa la Rwanda. Mwaka 2024 hisa za PPC zikachukuliwa na National Cement Holdings ya Kenya. Mwenye mali alibadilika, na tanuru haikuzimika kwa ugomvi wa nani atie sahihi, kwa sababu ardhi, mitambo, madeni na hisa vyote vilikuwa vimeandikwa. Hayo yametokea katika wilaya ileile ambamo klabu ya mpira haina hata kiwanja chake. Uwanja wa Kamarampaka ni mali ya umma, na ndivyo inavyostahili, kwani ni mahali penye kumbukumbu ya watu waliokimbilia hapo mwezi Aprili 1994 na baadhi yao wakatolewa kwenda kuuawa. Hapauzwi. Lakini mkataba wa miaka mingi wa kuutumia, wenye kueleza nani huchukua fedha za viingilio, nani hulipia taa na nani huuza soda, unaweza kuandikwa, na kwa mwekezaji mkataba kama huo una thamani inayokaribia ya kiwanja chenyewe.

Upande wa pili wa mto Ruzizi uko mji wa Bukavu, wenye klabu zake mbili hasimu, OC Muungano na Bukavu Dawa, ambazo pambano lao katika uwanja wa Concorde huko Kadutu limekuwa likigawa familia. Mtu wa biashara akitazama ramani ataona kwamba Kamembe ni kitongoji cha soko kubwa la wapenzi wa kandanda wanaozungumza Kiswahili. Pambano la kirafiki kati ya Espoir na Muungano linaweza kuleta watu ambao mchezo wa ligi hauwaleti. Lakini mapigano yaliyofika Bukavu mwezi Februari 2025 ni ukumbusho kwamba mapato ya mpakani yanaweza kukatika kwa siku moja. Yaandikwe katika hesabu kama nyongeza, yasiwekwe kuwa msingi.

Kuna hatari moja ya mfuko mtupu ambayo askari wa polisi ataielewa upesi kuliko mhasibu. Mchezaji ambaye hajalipwa kwa miezi mitatu ni mtu anayeweza kununuliwa. Siku hizi kamari za michezo zimeenea hadi katika simu za mkononi, na anayetaka kujua matokeo kabla ya mchezo hahitaji kuwahonga wachezaji kumi na mmoja. Mlinzi mmoja wa nyuma anatosha. Mwekezaji naye hulijua jambo hili. Ligi yenye wachezaji wenye njaa hukosa kuaminiwa, na ligi isiyoaminiwa haina tangazo la kuuza. Ndiyo maana Shirikisho la Kandanda la Afrika, katika kutoa leseni za klabu, huweka sharti la fedha sambamba na masharti ya michezo, ya miundombinu, ya utawala na ya sheria. FIFA nayo huzuia klabu yenye madeni kusajili wachezaji, kama ilivyoipata Kiyovu Sports, klabu kongwe ya Kigali.

Kwa klabu ya wilaya, mlango ulio wazi kuliko yote ni wa vijana, tena hauhitaji tajiri. Kanuni za FIFA zinaagiza kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia tano ya bei yake igawiwe klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka wa malezi kuanzia 12 hadi 15 hupata robo ya asilimia moja ya bei, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 hupata nusu ya asilimia. Mtoto wa Kamembe aliyelelewa na klabu moja tangu miaka 12 hadi 18, akija kuuzwa ng'ambo kwa dola 200,000, klabu hiyo hupata dola 5,000. Akiuzwa tena, hupata tena. Isitoshe, ipo fidia ya malezi anapoandikishwa mara ya kwanza kuwa mchezaji wa kulipwa katika nchi nyingine. Tangu mwezi Novemba 2022 malipo hayo yanapitia ofisi maalumu ya FIFA, ambayo haisikilizi maneno ya kwamba kijana fulani alikuwa wetu. Hutazama rejesta.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya karani. Kila kijana anayefanya mazoezi chini ya jina la klabu aandikishwe kwa shirikisho akiwa na miaka 12, kwa cheti chake cha kuzaliwa, na kila msimu uandikwe upya. Kazi ya pili ni ya kamati: hesabu za mwaka uliopita, pamoja na madeni ambayo hakuna anayependa kuyasoma kwa sauti, zikaguliwe na kuwekwa mezani kabla baraza la wilaya halijapitisha bajeti inayoanza tarehe 1 Julai. Kitabu hicho ndicho atakachokiomba mwekezaji, kama yupo, siku ya kwanza atakaposhuka katika uwanja wa ndege wa Kamembe.